Msaada wa kutambua toleo la Volkswagen kobe: kadi inasema 1966, gari linasema mengine

Kobe wa Moro

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Morogoro, mji kasoro bahari. Baba mdogo amenikabidhi Volkswagen Beetle yake, hizi tunazoziita kobe. Ilikuwa imelala bandani miaka mingi, kuku wakiitagia kwenye siti ya nyuma. Bodi haijaoza sana kwa kuitazama, na injini tumeiwasha ikaitika.

Nataka kuagiza spea nje, lakini kila duka la mtandaoni linataka kwanza nichague mwaka na toleo. Hapo ndipo nilipokwama, maana kila anayelitazama hili gari anakuja na jibu lake.

Kadi ya gari inasema limetengenezwa 1966, cc 1285, rangi nyeupe. Gari lenyewe ni la bluu. Taa kubwa za mbele zimesimama wima. Taa za nyuma ni kubwa za mviringo. Bampa ya mbele ni nene ya kona kona, ya nyuma ni nyembamba na juu yake ina bomba lililopinda. Mfuniko wa injini hauna matundu ya hewa. Fundi ameichungulia injini akasema hii ni 1600, haiwezi kuwa 1285.

Wenye kuyajua haya magari, hili ni toleo gani? Picha nitapandisha mtandao ukikaa vizuri. Nawasilisha.

Dereva Mstaafu

Taa za nyuma kubwa za mviringo ni toleo la 1303. Uzi ufungwe.

Spana Kumi na Tatu

Mzee Mstaafu usifunge uzi mapema. Injini 1600 yenye bodi ya kobe ni 1302S. Nimezifungua hizo enzi nikiwa mwanafunzi gereji. Kadi za zamani zilikuwa zinajazwa kwa mkono, karani akikosea 1972 ikawa 1966, nani alikuwa anahakiki?

Mwana wa Makorora

Mimi nasema 1968. Taa za mbele kusimama wima zilianza mwaka huo, hilo kila mpenzi wa kobe analijua.

Ila hawa Wajerumani nao walitutesa. Toyota ukiambiwa EE90 au AE100 mchezo umeisha, ukienda dukani unataja herufi mbili na tarakimu unapewa kitu chako. Kobe kuanzia enzi za Hitler mpaka juzi Mexico ni sura ileile, toleo utalijuaje?

Mzee wa Boksa

Wakuu watatu, majibu matatu, na kila mmoja ana ushahidi. Hiyo peke yake inatosha kutuambia kwamba hilo gari limefungwa vipuri kutoka kwenye magari tofauti. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana swali hili linajirudia sana.

Mwana wa Makorora, kobe haina matoleo kama ya Toyota. Hawakukaa wakafuta gari zima na kuchora jipya. Walibadilisha kitu kimoja kimoja, mwaka huu kioo, mwaka ujao breki, na mabadiliko makubwa karibu yote yaliingia mwezi Agosti, baada ya likizo ya kiwanda. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mwaka wa kiwanda cha Wolfsburg unaanza tarehe 1 Agosti. Gari lililotoka Oktoba 1966 kiwandani wanalihesabu ni la mwaka 1967. Hili likae kichwani, tutalirudia.

Pili, na hapa ndipo watu wengi wanapotea: madigadi ya kobe yanafungwa kwa bolti. Yote manne. Ukigonga mbele unafungua digadi zima unatupa, unafunga jingine. Taa za mbele zinakaa kwenye digadi, na taa za nyuma nazo zinakaa kwenye digadi. Bampa ni bolti. Injini ni bolti nne tu, mafundi wawili wanaishusha kabla chai haijapoa. Sasa angalieni ushahidi wenu: taa za nyuma, injini, taa za mbele. Vyote ni vitu vya kufungua na kufunga. Mimi kwa kobe yenye umri huu siamini chochote kinachotoka kwa spana. Naamini kilichochomelewa na kilichogongwa muhuri kwenye chuma.

Tuanze na vioo, maana matundu ya vioo hayadanganyi. Kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili kinaishia Machi 1953. Baada ya hapo umbo la yai, mpaka Julai 1957. Kuanzia Agosti 1957 kikawa kipana cha pembe nne, na cha mbele nacho kikakuzwa. Agosti 1964 vioo vyote vikaongezwa tena na nguzo zikawa nyembamba. Agosti 1971 cha nyuma kikapandishwa juu kidogo, na hapo ni mwisho kwa magari ya Ujerumani. Kile cha mbele kilichobinuka waziwazi ni cha 1303 peke yake, kilianza Agosti 1972. Mzee Mstaafu, ndiyo maana taa za nyuma hazitoshi. Ni kweli zile kubwa, ambazo Wajerumani wenyewe wanaziita nyayo za tembo, zilikuja na 1303, lakini digadi lake la nyuma linaweza kuhamia kwingine.

Halafu kuna vipenyo vya hewa. Tazama nyuma ya vioo vya pembeni vya nyuma, pale bodi inapoanza kushuka. Kama kuna mpasuo wa umbo la mwezi mwandamo kila upande, gari ni la Agosti 1970 kuja huku. Kama ni bati tupu, ni la kabla. Hapo pamechomelewa, fundi hapahamishi kwa starehe.

Spana Kumi na Tatu, 1302 na 1303 zina shokapu za mbele za kusimama, zile za MacPherson, ndiyo sababu tairi la akiba linalala chini ya sakafu ya buti ya mbele. Kobe nyingine zote zina vyuma vya kujisokota mbele vinavyofanya kazi ya springi na tairi la akiba linasimama puani, nyuma tu ya bati la mbele. Huhitaji hata kuingia uvunguni. Fungua boneti utazame tairi limelala au limesimama.

Na kwa Mwana wa Makorora: Agosti 1967 hazikubadilika taa peke yake. Boneti ya mbele ilifupishwa, bampa zikawa nene na zikapandishwa juu, na tundu la kujazia petroli likatoka nje, likawa na kifuniko chake kwenye bati la kulia mbele ya mlango. Kabla ya hapo ulikuwa huwezi kuweka mafuta bila kufungua boneti. Kama hilo gari kweli ni la 1968, kifuniko kitakuwepo.

Kwa hiyo Kobe wa Moro, achana na picha kwanza, jibu haya: mafuta unajazia wapi? Tairi la akiba limekaaje? Vipenyo vya mwezi vipo? Rimu zimefungwa bolti ngapi? Kisha nyanyua siti ya nyuma, kwenye mgongo wa katikati wa sakafu kuna namba ya chesisi imegongwa. Isugue taratibu kwa brashi ya waya laini, usiipige gurudumu la kusagia. Usitupandishie namba nzima hapa, matapeli ni wengi. Tarakimu tatu nne za mwanzo zinatosha.

Wa Grogan

Salamu kutoka Nairobi. Huyo Mzee wa Boksa amesema ukweli mtupu. Pale Grogan, kwa wauza spea, ukiitisha mudguard ya Volkswagen unaulizwa tu mbele au nyuma, kushoto au kulia. Mwaka hakuna mtu anakuuliza. Makanika anafunga ile iko, na ikikataa anatoboa shimo lingine. Baada ya wenyewe wanne watano, gari ina uso wa mwaka huu na mgongo wa mwaka ule.

Na msizidharau hizi kobe. Volkswagen ndiyo ilishinda Safari Rally ya 1954, 1957 na 1962, enzi hizo mbio zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa matope. Gari ya injini nyuma, uzito wote uko juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa matope inapanda tu wakati wenzake wanavutwa na trekta.

Mwana wa Makorora

Sawa, tusubiri majibu. Ila mimi bado nashikilia 1968.

Kobe wa Moro

Wakuu nimerudi. Nimeshinda bandani na tochi, kuku wamenichukia.

Mafuta yanajaziwa ndani, lazima ufungue boneti. Pembeni hakuna kifuniko chochote, na sioni dalili kwamba pamewahi kuzibwa. Tairi la akiba limesimama. Vipenyo vya mwezi hakuna, bati ni tupu. Kioo cha mbele karibu kimenyooka. Rimu zina bolti tano, na zina matundu madogo marefu kuzunguka katikati. Breki za mbele ni za ngoma.

Namba ya chesisi inaanza na 117 2. Ina tarakimu tisa kwa jumla.

Kwenye injini, pale dinamo inapokalia, namba inaanza na herufi AD.

Kingine, nilipokwangua chini ya siti ya nyuma nimekuta rangi ya tatu. Si bluu wala nyeupe, ni kama rangi ya mchanga.

Mzee wa Boksa

Basi kazi imeisha, mengine ni furaha tu.

Kuanzia Agosti 1964 namba ya chesisi ya kobe inajieleza yenyewe. 11 ni saluni ya kawaida, tarakimu ya tatu ni mwaka wa kiwanda. 115 ni 1965, 116 ni 1966, 117 ni 1967, na kuendelea hivyo mpaka 119. Agosti 1969 tarakimu zikawa kumi, zikaanza na 110 2, mwaka uliofuata 111 2. Angalieni mtego hapo: tarakimu ya tatu ilirudi sifuri, lakini urefu wa namba ndio unaokuambia uko muongo gani. Na 1303 ingeanza na 13, siyo 11.

Yako ni 117 yenye tarakimu tisa, kwa hiyo ni ya mwaka wa kiwanda 1967, yaani ilitoka kati ya Agosti 1966 na Julai 1967. Kwa kuwa inafuatiwa na 2, iko mapema kwenye mfululizo, kabla ya mwaka kugeuka. Kadi inasema 1966 na kadi iko sahihi. Karani wa watu hakukosea chochote.

Na kila kilichochomelewa kinakubaliana na hiyo namba. Mafuta ndani, ni kabla ya Agosti 1967. Hakuna vipenyo vya mwezi, ni kabla ya Agosti 1970. Rimu zenye matundu ziliingia Agosti 1965 pamoja na injini ya 1285, ile 1300 ya kwanza, ndiyo hiyo cc iliyopo kwenye kadi. Bolti tano na ngoma mbele zinaitoa kwenye 1500, kwa sababu 1500 ya mwaka huohuo kwa soko la Ulaya ilikuwa na bolti nne na diski mbele. Kwa hiyo hili ni Volkswagen 1300 la mwaka wa kiwanda 1967, lililotengenezwa mwishoni mwa 1966.

Injini yake ya kuzaliwa ingeanza na herufi F. AD ni 1600 yenye nguvu farasi 50, ilianza Agosti 1970 kwenye 1302S. Kwa hiyo Spana Kumi na Tatu alipoitambua injini alipatia, ni gari tu lililokuwa siyo lake. Madigadi ya mbele ni ya baada ya Agosti 1967, yakaja na bampa yake nene. Ya nyuma yametoka kwenye gari la 1973 au baadaye, au ni ya kunakili ya dukani. Kati ya bampa mbili, ya nyuma ndiyo pekee iliyobaki ya kwake.

Mwana wa Makorora

Nimeelewa, lakini tuwekane sawa. Nikiingia duka la mtandaoni nichague 1966 au 1967? Maana kadi na kiwanda havisemi mamoja, na hela ya kuagiza mara mbili hakuna.

Mzee wa Boksa

Bodi, chagua 1967. Maduka yote makini ya spea za kobe yanahesabu kwa mwaka wa kiwanda. Ukichagua 1966 utaletewa mfuniko wa injini usiofanana na wako. Mfuniko ulibadilishwa umbo Agosti 1966, pale kinapokaa kibao cha namba pakasimamishwa zaidi, halafu mwaka mmoja baadaye ukafupishwa. Yaani ule ulio kwenye gari la Kobe wa Moro ulitengenezwa mwaka mmoja tu. Mkuu, akija mtu kukuomba huo mfuniko abadilishane na wenye matundu kwa kisingizio cha injini kupata hewa, mfukuze.

Injini na vitu vyake, sahau mwaka wa gari kabisa, agiza kwa herufi AD. Kabureta, ekzosi, plagi, vyote vya 1600. Ila kwenye stata tulia. Gari hili lilizaliwa na umeme wa volti 6, ambapo flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na stata, ina meno 109. Injini za volti 12 zina meno 130 na flaiwili yake ni kubwa kidogo, kwa giaboksi za zamani fundi huwa analazimika kusaga ndani ili isikwaruze. Stata nazo zinatofautiana. Hesabu meno kabla ya kulipa, usiende kwa kukisia.

Spana Kumi na Tatu

Naongezea hapo. Kama wiring haikubadilishwa yote ilipowekwa volti 12, utakuta mota ya waipa bado ni ya volti 6. Inapiga kama imepagawa halafu inaungua. Iangalie kabla ya masika.

Na uende TRA na hiyo injini. Kadi na injini zisipolingana, siku ya kuhamisha umiliki au siku ya ajali utahangaika. Tafuta karatasi zozote za baba mdogo za kununulia injini, hata risiti iliyoliwa na mende.

Mbeba Boksi

Niko Ujerumani, nafuatilia uzi kimyakimya. Kobe wa Moro, jumba la makumbusho ya Volkswagen pale Wolfsburg, AutoMuseum, wanatoa cheti cha kuzaliwa cha gari kwa malipo. Unawatumia namba ya chesisi, wanafungua madaftari ya kiwanda wanakuandikia tarehe lilipotengenezwa, rangi ya awali na nchi lilikopelekwa. Siyo lazima, lakini kama unafikiria kulirudisha katika hali yake ya mwanzo hicho ndicho kitamaliza ubishi wote wa rangi.

Hiyo rangi ya mchanga uliyoikuta chini ya siti, kwa mwaka huo nahisi ni Savannabeige, namba yake ya rangi L620. Ilikuwepo kwenye orodha ya 1967. Ilinganishe na ndani ya boneti, nyuma ya dashibodi, huko wapaka rangi wa mtaani huwa hawafiki.

Kobe wa Moro

Wakuu mmetisha. Nimemuuliza baba mdogo, anasema alilinunua likiwa jeupe tayari, na pua ilipondwa na ng'ombe njia ya Dakawa, ndipo yakafungwa madigadi ya sasa. Injini alibadilishiwa Dar.

Nyuma ya dashibodi kweli ni rangi ya mchanga tupu. Sasa nimebaki na swali moja. Nirudishe taa za kulala za mwaka wake au niache hizi za wima? Bajeti ni ya kuungaunga.

Dereva Mstaafu

Rudisha. Kobe ya taa za kulala ina sura ya upole.

Mzee wa Boksa

Mimi ningeanza na sakafu kabla ya uso. Nyanyua betri, ipo chini ya siti ya nyuma upande wa kulia, na toa mkeka. Tindikali inakula bati hapo kuliko mahali popote, na namba yako ya chesisi iko jirani. Kama sakafu ni nzima, basi nunua madigadi mawili ya mbele ya taa za kulala, na bampa ya mbele ya bomba ifanane na ya nyuma. Ukinunua taa kubwa uzipate za volti 12, maana umeme wako sasa ni huo. Injini iache ilivyo, 1600 kwenye mlima wa Kitonga utaishukuru.

Binti Kinondoni

Samahani naingilia uzi. Jirani anauza kobe, anadai ni ya 1957, kioo cha nyuma cha yai, na bei ameipandisha kwa sababu hiyo. Kioo kweli ni cha yai. Ila indiketa zake za mbele ziko juu ya madigadi, na kuna geji ya mafuta kwenye dashibodi. Inawezekana?

Mzee wa Boksa

Dada, indiketa za juu ya madigadi kwa soko letu ziliingia Agosti 1960. Kabla ya hapo kulikuwa na vile vimikono vinavyochomoka kwenye nguzo nyuma ya mlango. Geji ya mafuta ilikuja Agosti 1961, zamani ulikuwa na koki ya akiba miguuni, mafuta yakikata unaigeuza kwa kidole cha mguu ufike kituoni. Lakini hivyo vyote vinaweza kuongezwa baadaye, havimhukumu jirani yako.

Mwambie afungue mlango upapase nguzo. Gari la 1957 litakuwa na nafasi ya vimikono, hata kama imezibwa kwa bati na putty. Kisha pitisha sumaku kuzunguka fremu ya kioo cha nyuma. Kuna watu wanakata paa la gari la yai lililooza wanalichomelea kwenye gari jipya zaidi, au wanaziba kioo kikubwa kwa bati wanaacha umbo la yai. Sumaku isiposhika, kuna putty nene. Na chesisi isomwe mbele yako: ya 1957 ni namba tupu zinazofuatana, hazina 11 ya mwanzo yenye kutaja mwaka. Akikataa kunyanyua siti ya nyuma, rudi nyumbani na pesa yako.